Kabla Hujakodi Ukumbi, Tazama Sakafu

Wengi wetu tunaujua ukumbi wa ndani wa Kasarani, Nairobi, kutoka jukwaani. Tunakwenda kushangilia voliboli au ndondi, tunapiga kelele mpaka sauti inakauka, kisha tunapanda matatu kurudi mjini. Kituo hicho kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na ndani ya ua wake mna uwanja mkubwa wa riadha na kandanda, ukumbi wa ndani wenye viti vipatavyo 5,000, na bwawa la kuogelea la mita 50. Kampala wana Lugogo, Dar es Salaam wana Uwanja wa Ndani wa Taifa, na Kigali tangu 2019 wana BK Arena yenye nafasi ya watu 10,000, ambako msimu wa kwanza wa Basketball Africa League ulichezwa mwaka 2021. Hayo ni majumba makubwa. Ukizunguka mjini, hata hivyo, utakuta kumbi ndogo za aina hiyo hiyo vyuoni, shuleni, makanisani na kwenye vituo vya watu binafsi, na nyingi hukodishwa kwa saa.

Ushauri wangu ni kwamba uingie humo na kundi. Mtu aendaye peke yake kwenye kituo cha michezo huishia jimu, akikimbia juu ya mkanda wa mashine mbele ya televisheni, jambo ambalo angelifanya bure barabarani alfajiri. Mali ya vituo hivi ni ile sakafu kubwa ya katikati, na sakafu hiyo haiendewi na mtu mmoja. Watu kumi na wawili waliopatana siku na saa huikodi kwa pesa ambazo hakuna hata mmoja wao atakayezililia. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanamhusu zaidi yule anayekusanya wenzake, maana bila mtu wa kukusanya hakuna kundi.

Siku ya kwenda kukagua, usidanganywe na paa wala rangi ya viti. Tazama chini. Utaona mistari ya rangi mbalimbali imepandana sakafuni kama njia za matatu kwenye ramani ya jiji. Kila rangi ni mchezo wake, na rangi hizo hubadilika kutoka ukumbi hadi ukumbi, hivyo mwombe msimamizi akutajie moja moja. Uwanja mkubwa kuliko vyote ni wa handiboli, mita 40 kwa 20, nao hutumika pia kwa futsal, yaani kandanda ya ndani. Utautambua kwa ule mstari uliopinda mbele ya kila goli, mita 6 kutoka langoni. Uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa sehemu tatu. Mpira wa vikapu ni 28 kwa 15, voliboli 18 kwa 9, na mpira wa vinyoya 13.4 kwa 6.1.

Vipimo hivyo vinakupa swali la kuanzia: je, handiboli inaenea humu? Ukijibiwa ndiyo, jua michezo mingine yote ya sakafuni inaenea, na pengine viwanja vitatu au vinne vya vinyoya vitakaa kwa upana, bega kwa bega. Ukijibiwa hapana, ukumbi si mbovu, ila uwe macho. Kuna kumbi zilizojengwa kwa vipimo vya vikapu peke yake, kisha baadaye mtu akaja na ndoo ya rangi akachora netiboli mpaka ukutani. Mchezaji anadaka pasi kwenye kona, mguu unatua, na hatua ya pili ni ukuta. Sheria za mpira wa vikapu zinataka mita 2 tupu nje ya mistari kila upande. Pima kwa hatua zako mwenyewe, na kama nafasi hiyo imejaa mabenchi, vyuma vya jukwaa au meza zilizokunjwa, waambie waviondoe kabla hujalipa.

Baada ya hapo, chukua mpira na uudundishe ukienda kutoka ncha hadi ncha. Mbao zilizolazwa juu ya viunzi hunepa kidogo na kuurudisha mpira sawasawa. Mahali mpira unapokufa, mbao zimeachana na viunzi au zimeoza chini, na hapo ndipo mtu ataumia. Sakafu ya vinaili ni nzuri pia, mradi viungio havijainuka. Zege lililopakwa rangi ndilo lililoenea zaidi, kwa kuwa ni rahisi kujenga, na gharama yake inaishia magotini mwa wachezaji. Kwenye zege, kundi la watu waliopita miaka 40 lipunguze michezo ya kuruka. Jambo moja zaidi: ukiweza, kakague ukumbi siku iliyofuata mvua kubwa ya masika. Tundu dogo la paa halionekani Januari, lakini Aprili linaacha dimbwi mbele ya goli.

Kuhusu viatu sitaki kuzunguka. Raba za kukimbilia zimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele. Kisigino cha raba hizo kimeinuka, na ukikata kona kwa ghafla unaupindua mguu. Tafuta raba za ndani, zenye soli bapa inayoshika sakafu na isiyoacha weusi. Namna ya kuijaribu ni kuisugua kwa nguvu kwenye karatasi nyeupe: ikiacha mstari, itaacha sakafuni pia, na msimamizi ana haki ya kukutoa nje. Raba hizo zibebe mfukoni, uzivalie mlangoni. Vumbi la barabarani likichanganyika na jasho sakafuni huwa utelezi, ndiyo maana kundi lenye akili hubeba tambara kubwa na kumpa mtu zamu ya kupangusa kila mchezo unaposimama.

Sasa mcheze nini? Kwa watu wazima ambao mara ya mwisho kushika mpira walikuwa shuleni, mimi ningeanza na voliboli. Wavu unawatenganisha, hakuna wa kumkumba mwenzake, na asiyejua kitu anaweza kujificha mstari wa nyuma akajifunza kupokea. Wavu rasmi wa wanaume ni mita 2.43 na wa wanawake 2.24. Kundi la mchanganyiko liufunge katikati ya hapo. Hakuna refa atakayewashtaki. Kina mama wengi wa huku kwetu, kwa upande mwingine, walicheza netiboli shuleni, na mikono haisahau. Ni wachezaji 7 kila upande, mpira haudundwi, na aliyeudaka haruhusiwi kukimbia nao. Huko kusimama kwa ghafla ndiko kunakotesa magoti, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo fundisheni kutua kwa miguu miwili, goti limekunjwa, kabla hamjaanza kuhesabu mabao.

Vikapu vinapendwa na vijana, ila hapa kuna njia ambayo makundi machache huitumia. Badala ya kukodi uwanja mzima kwa watu kumi ambao nusu yao watakuwa wanahema baada ya dakika saba, kodini nusu. Mchezo wa watatu kwa watatu unatumia ringi moja tu, unakwisha baada ya dakika 10 au timu moja ikifikisha pointi 21, na tangu Olimpiki za Tokyo ni mchezo wa Olimpiki. Nusu ya pili ya ukumbi anaichukua mwingine, na bili inagawanyika.

Futsal ni hadithi nyingine. Wasimamizi wengi wakisikia neno kandanda wanatikisa kichwa, na siwalaumu. Mpira wa nje unadunda sana, unavunja taa na kuchubua kuta. Mpira wa futsal ni wa namba 4 na umetengenezwa usidunde sana, kwa hiyo hukaa miguuni na kufundisha pasi fupi. Nunueni huo, mwonyesheni msimamizi, na mara nyingi atalegea. Ni watano kila upande pamoja na kipa, na kubadilisha wachezaji hakuna kikomo, hivyo mnene na mwembamba wote wana nafasi.

Mpira wa vinyoya una ugomvi wake, na ugomvi huo ni feni. Kinyoya kina uzito wa gramu 5 hivi; upepo kidogo tu na kinaangukia kusiko. Wachezaji wanataka feni zizimwe na milango ifungwe. Sasa fikiria ukumbi wa bati mjini Mombasa mwezi wa Februari, saa 9 alasiri, feni zimezimwa. Hapo dawa ni saa, wala si ubishi: chukueni alfajiri au baada ya jua kuzama, na msikodi pamoja na kundi la densi linalohitaji upepo. Tazama pia taa. Taa iliyo juu ya katikati ya uwanja inampofusha kila anayeinua macho kumalizia pigo, zilizo pembeni hazisumbui. Wanaoanza watumie kinyoya cha nailoni, maana cha manyoya ya kweli hukatika kwa mapigo machache na bei yake si ya kuchezea.

Tenisi ya mezani haihitaji maneno mengi: meza mbili kwenye kona, babu na mjukuu wanacheza sawa. Vyumba vya pembeni vya karate, judo, ndondi na mazoezi ya muziki navyo ni vizuri, mradi kuna mwalimu na mikeka haijaachana katikati.

Kwenye bwawa la kuogelea nitakaa kidogo, kwa sababu hapo kosa halina nafasi ya pili. Simama ukingoni utazame chini kwenye kina kirefu. Kama huwezi kuona vizuri wavu wa kutolea maji ulio sakafuni, usiingie na usimwingize mtoto, kwani maji yaliyochafuka yanaweza kumficha mtu aliyezama. Kisha nusa. Watu hudhani ile harufu kali inayochoma macho ni dalili ya usafi. Sivyo. Klorini ikichanganyika na jasho na mkojo ndiyo inayotoa harufu hiyo, na bwawa lililotunzwa vyema hunusa kidogo sana. Ndiyo maana kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia si adabu tu. Tafuta namba za kina zilizoandikwa ukingoni, boya la kuokolea, na mtu mwenye firimbi anayetazama maji badala ya simu. Kama hayupo, bwawa limefungwa kwenu, hata kama lango liko wazi.

Watu wazima wasiojua kuogelea ni wengi kuliko wanaokiri, hata kando ya bahari na Ziwa Victoria, ambako watu hufa maji kila mwaka. Haya ya kujifunza ukubwani isikuzuie. Ombeni saa ya watu wazima peke yao, kwenye kina kisichozidi kifua, na mwalimu aanze na kupumulia majini na kuelea chali kabla ya kupiga mbizi au mitindo. Kina mama wanaotaka kuogelea pasipo wanaume waseme mapema, waulize pia nani anayekuwa zamu ya uokoaji saa hiyo, na kama vazi la kujisitiri linaruhusiwa. Vituo vingi hukubali vazi lolote lililotengenezwa kwa kuogelea na kukataa pamba, kwa kuwa pamba hunywa maji, huwa nzito na huacha nyuzi kwenye chujio.

Usimwache nyumbani mwenzenu mwenye ulemavu kwa kudhani ukumbi haumfai. Vikapu vya viti vya magurudumu huchezwa kwenye uwanja ule ule na ringi ile ile ya mita 3.05. Voliboli ya kukaa ni rahisi zaidi kuandaa: uwanja wa mita 10 kwa 6, wavu wa mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na sheria kwamba unapopiga mpira kiwiliwili kiwe kinagusa sakafu. Wasio na ulemavu wakikaa chini kucheza nao hugundua haraka nani ana mikono myepesi. Wakati wa kukagua, basi, pitia njia yote kuanzia langoni: mteremko badala ya ngazi, upana wa mlango wa choo, na kama lifti ipo, kama inafanya kazi.

Watoto wapewe vifaa vya kimo chao. Mpira wa vikapu wa namba 7 mikononi mwa mtoto wa miaka minane unamfundisha kurusha kwa mgongo. Mpe namba 5 na ringi ya mita 2.60, ambayo ndiyo ya vikapu vya watoto.

Kwa mwili wenyewe, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Vipindi viwili vya saa moja na robo vinatimiza hesabu hiyo, na ndiyo maana ningependa mkodi mara mbili kwa wiki kuliko saa tatu za Jumamosi ambazo zitawaacha mkichechemea hadi Jumatano. Aliyekaa miaka bila mazoezi, au mwenye presha au kisukari, amwone daktari kwanza. Na yeyote atakayehisi kifua kinabana au kichwa kinazunguka akae chini, mchezo usimame, asiambiwe ajikaze. Jeraha la kawaida litakuwa kifundo cha mguu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, bendeji, mguu uinuliwe. Asiyeweza kupiga hatua nne apelekwe hospitali apigwe picha. Hiyo barafu iwepo. Kundi lipange nani anakuja nayo kwenye jagi, maana nimeona vituo vyenye ubao wa matokeo wa umeme visivyo na kipande cha barafu. Na kabla ya mchezo wa kwanza, nendeni mkasukume milango ya dharura kwa mikono yenu. Ukikuta mnyororo na kufuli, usicheze mpaka ufunguliwe.

Tumefika kwenye pesa. Saa zinazogombaniwa ni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku siku za kazi, na Jumamosi asubuhi. Asubuhi na adhuhuri za siku za kazi sakafu nyingi hulala tupu, na hapo bei huzungumzika. Walimu baada ya vipindi, wafanyabiashara wenye saa zao, wauguzi wanaotoka zamu ya usiku na wastaafu ndio wa kuzidaka. Wanaochukua saa za usiku wafikirie kurudi. Tembeeni usiku mara moja kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu. Kama njia ni giza, mpango wa usafiri uwe sehemu ya bei.

Uliza saa yenyewe inaanza lini. Kufunga wavu na kusogeza magoli huchukua dakika kumi hadi kumi na tano, na kuna wanaozihesabu ndani ya saa yako. Uliza kama taa zimo kwenye bei au zina bili yake, na umeme ukipotea nani anawasha jenereta, baada ya muda gani. Mipira, wavu na nguzo ni vya nani? Bafu lina maji? Kabati la nguo lina kufuli au ulete lako? Lipa kwa namba ya kituo, usilipe kwa simu ya mlinzi, na udai risiti.

Ndani ya kundi, kosa la kawaida ni kukusanya pesa mlangoni. Mvua ikinyesha wanafika watano, na hao watano wanabeba bili ya kumi na wawili. Tuseme kipindi ni shilingi 3,000 na mnacheza mara nane kwa mwezi: hiyo ni 24,000, na mkiwa 16 kila mmoja anatoa 1,500. Zilipwe zote kabla ya mwezi kuanza, uje usije. Ninasema 16 kwa sababu ukihitaji 12 uwanjani, waandikishe zaidi. Daima kutakuwa na mwenye msiba, mwenye safari na mwenye kisingizio. Anayetunza pesa asiwe yule anayepanga timu, la sivyo kila aliyewekwa benchi atauliza hesabu.

Mwisho, kalenda. Kumbi hizi huitwa za matumizi mengi, na mchezo ni mojawapo tu ya matumizi hayo. Mkutano wa wajumbe wa chama cha siasa, mahafali, mkesha wa injili, tamasha la muziki: kimojawapo kikija, kinalipa kwa siku moja kuliko kundi lako kwa mwaka, na nyinyi mtapigiwa simu saa mbili kabla. Hesabuni na siku inayofuata kuwa imepotea, maana viti elfu kadhaa vilivyoburutwa sakafuni huacha mikwaruzo na vipande vya misumari. Kabla ya kutoa malipo ya mwezi wa kwanza, mwombe msimamizi akuonyeshe tarehe ambazo tayari zimeshikwa, na muandikiane mambo matatu: mtajulishwa siku ngapi kabla, saa iliyopotea itafidiwa kwa saa nyingine ya jioni au kwa pesa, na baada ya hafla ni nani atakayefagia sakafu kabla hamjaingia. Akisema hayo hayaandikwi, ni desturi tu, muulize ukumbi wa pili bei gani.